Oveni ya maikrowevu: namna inavyofanya kazi, aina zake na hatari zake za kweli

Oveni ya maikrowevu, ambayo zamani ilikuwa chombo cha hoteli kubwa na nyumba za wachache, leo hii inaonekana katika jiko la kawaida, ofisini, katika mabweni ya wanafunzi na katika maduka ya vyakula. Hata hivyo, pamoja na kuenea kwake, chombo hiki huogopwa pasipo sababu na huaminiwa pasipostahili. Wapo wanaokataa kula chakula kilichopita humo kwa kuamini kwamba kimebaki na mionzi. Wapo pia wanaopasha humo chupa ya maziwa ya mtoto mchanga na kumpa papo hapo bila wasiwasi wowote. Wa kwanza anaogopa hatari isiyokuwapo, na wa pili haioni iliyopo.

Njia ya kuondoka katika hali hiyo ni kuelewa kinachotokea ndani ya sanduku lile pindi mlango unapofungwa. Anayekielewa hutambua kwa urahisi ni aina gani ya oveni inayomfaa, ni chakula gani kinachofaa kuingizwa humo, na ni jambo gani hasa la kuchunga.

Chimbuko lake ni rada ya vita

Kiini cha oveni hii ni kifaa kiitwacho magnetroni, na hicho hakikubuniwa kwa ajili ya jikoni. Mwaka 1940, wakati Uingereza ikiwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wanafizikia John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitengeneza magnetroni yenye matundu, iliyoweza kutoa mawimbi mafupi mno ya redio kwa nguvu kubwa kuliko vifaa vilivyotangulia. Mawimbi hayo yaliiwezesha rada kuwa ndogo kiasi cha kufungwa ndani ya ndege. Mnamo Septemba mwaka huohuo, ujumbe wa Uingereza uliopewa jina la mwanasayansi Henry Tizard ulikipeleka kifaa hicho Marekani, ambako viwanda vilianza kukizalisha kwa wingi.

Miongoni mwa viwanda hivyo kilikuwamo cha kampuni ya Raytheon katika jimbo la Massachusetts. Huko alifanya kazi mhandisi Percy Spencer, mtu aliyeacha shule akiwa bado kijana mdogo na kujifundisha mwenyewe elimu ya umeme. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945, alipokuwa amesimama karibu na magnetroni iliyokuwa ikifanya kazi, alibaini kwamba kipande cha peremende ya chokoleti kilichokuwa mfukoni mwake kimeyeyuka. Baadaye alijaribu kwa punje za mahindi, zikalipuka na kuwa bisi. Tarehe 8 Oktoba 1945 aliwasilisha maombi ya hataza ya njia hiyo ya kupika, na hataza ikatolewa Januari 1950.

Oveni ya kwanza kuuzwa, iliyoitwa Radarange, ilitoka mwaka 1947. Ilikuwa na kimo cha mtu mzima, uzito wa takriban kilo 340, na ilihitaji kuunganishwa na bomba la maji ili ipozwe. Mwaka 1955 kampuni ya Tappan ilileta oveni ya nyumbani kwa bei ya dola 1,295, fedha nyingi mno kwa familia ya wakati ule. Ni mwaka 1967 ndipo kampuni ya Amana, iliyokuwa tayari chini ya Raytheon, ilipouza oveni ya kuweka juu ya meza kwa dola 495. Tangu hapo bei iliendelea kushuka na chombo kikasambaa duniani.

Mawimbi ya aina gani?

Mawimbi ya maikrowevu ni ndugu wa mawimbi ya redio na ya mwanga wa jua. Yote kwa pamoja ni mawimbi ya sumakuumeme, na tofauti yao ni urefu wa wimbi na idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yaani masafa. Mtu anaposikiliza idhaa ya FM katika megahezi 100, antena yake inapokea mawimbi yanayotetema mara milioni 100 kwa sekunde, yenye urefu wa mita 3 hivi. Oveni ya nyumbani hutumia megahezi 2,450. Mawimbi yake hutetema mara bilioni 2.45 kwa sekunde na yana urefu wa takriban sentimita 12.

Mawimbi hayo yako chini mno ya mwanga unaoonekana kwa masafa, na kwa hiyo kila chembe ya nishati yake ni dhaifu kuliko ile ya mwanga wa mshumaa. Mionzi ya eksirei na ya gama iko upande mwingine kabisa, juu ya mwanga, na hiyo ndiyo yenye uwezo wa kung'oa elektroni kutoka katika atomi na kuharibu vinasaba vya mwili. Mawimbi ya maikrowevu hayana uwezo huo hata yakiwa mengi. Kinachoongezeka yanapozidi ni joto tu.

Masafa ya megahezi 2,450 yametengwa kimataifa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, ili yasiingiliane na mawasiliano. Mitandao ya intaneti isiyotumia waya hutumia eneo hilohilo la masafa, na ndiyo sababu intaneti ya nyumbani huweza kudhoofika wakati oveni inapofanya kazi karibu nayo. Katika baadhi ya viwanda, hasa Marekani, hutumiwa megahezi 915, ambazo mawimbi yake ni marefu zaidi na hupenya ndani zaidi ya mabonge makubwa ya nyama au siagi iliyoganda.

Jinsi chakula kinavyopata moto

Karibu kila chakula kina maji. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, mfano wa sindano ya dira yenye ncha mbili. Wimbi linapopita, nguvu yake ya umeme huivuta molekuli igeukie upande mmoja, na kabla haijatulia huivuta igeukie upande wa pili. Jambo hili hurudiwa mara mabilioni kwa sekunde. Katika kugeuka huko, molekuli husukumana na jirani zake, na msukumano huo ndio joto. Mafuta na sukari navyo hupokea nishati hiyo, na chumvi iliyoyeyuka katika mchuzi huongeza joto kwa njia yake, kwa kuwa chembe zake zenye chaji husukumwa huku na huko.

Dhana mbili zilizozoeleka zinahitaji kusahihishwa hapa. Ya kwanza ni kwamba megahezi 2,450 ndiyo masafa pekee yanayoyatetemesha maji. Ukweli ni kwamba maji hufyonza mawimbi kwa nguvu zaidi katika masafa ya juu sana kuliko hayo. Lakini oveni ya namna hiyo isingefaa, kwa kuwa nishati yote ingeishia kwenye ngozi ya chakula. Dhana ya pili ni kwamba chakula huiva kuanzia ndani kuja nje. Mawimbi huingia kutoka nje na hudhoofika kadiri yanavyosonga mbele, kiasi kwamba katika vyakula vingi sehemu kubwa ya nishati huishia katika sentimita chache za mwanzo. Katikati ya bonge la ugali au paja la kuku, joto hufika kwa njia ile ile ya kale, yaani kusafiri polepole kutoka sehemu yenye moto kwenda sehemu ya baridi.

Hii ndiyo sababu pia nyama iliyopikwa humo haikauki juu wala haipati rangi ya kahawia. Hewa ndani ya oveni haina moto, na uso wa chakula chenye maji haupiti sana nyuzijoto 100 za Selsiasi, ilhali kukauka na kubadilika rangi kwa nyama ya kuchoma huhitaji joto la juu zaidi.

Safari ya umeme ndani ya sanduku

Umeme wa nyumbani katika nchi za Afrika Mashariki huwa wa volti 230 hadi 240. Ndani ya oveni ya kawaida, transfoma nzito huupandisha hadi takriban volti 2,000, kisha kapasita na dayodi huzidisha kiwango hicho hadi kufikia volti 4,000 hivi. Umeme huo mkali ndio unaoendesha magnetroni.

Katikati ya magnetroni kuna fito ndogo inayopashwa moto hadi itoe elektroni. Inazungukwa na pete nene ya shaba iliyochongwa matundu, na juu na chini yake pamewekwa sumaku zenye nguvu. Elektroni zinapotaka kukimbilia kwenye shaba, sumaku huzipindisha na kuzifanya zizunguke mbele ya midomo ya matundu. Hapo hutokea jambo linalofanana na mtu anayepuliza hewa mdomoni mwa chupa tupu: pumzi yenyewe haina sauti, lakini chupa hulia kwa sauti moja inayotokana na ukubwa wake. Matundu ya shaba nayo hulia, lakini kwa mawimbi ya sumakuumeme.

Mawimbi hayo huongozwa kwa mfereji mfupi wa chuma hadi katika chumba cha kupikia. Kuta za chumba ni za chuma, nazo huyarudisha mawimbi ndani kama kioo kinavyorudisha mwanga. Mlangoni kuna wavu wa chuma wenye matundu ya milimita moja au mbili. Mwanga wa taa hupita katika matundu hayo kwa sababu mawimbi yake ni madogo mno, ndiyo maana mpishi huona chakula. Wimbi la sentimita 12 haliwezi kupenya humo.

Mlango una swichi za usalama zaidi ya moja. Ukifunguliwa, umeme wa magnetroni hukatwa na mawimbi hutoweka papo hapo, kama mwanga unavyotoweka taa inapozimwa. Hakuna kinachobaki ndani ya chumba wala ndani ya chakula.

Kwa nini upande mmoja huchemka na mwingine hubaki baridi

Mawimbi yanayogonga kuta na kurudi hukutana yenyewe kwa yenyewe. Mahali pengine hujumlishana na kuwa na nguvu maradufu, na mahali pengine hufutana. Matokeo yake ni chumba chenye madoa ya moto na madoa ya baridi yasiyohama.

Jambo hili huweza kuonekana kwa macho. Mtu akiondoa sahani inayozunguka pamoja na kigurudumu chake, akaweka kipande kirefu cha chokoleti juu ya sahani tambarare na kuwasha oveni kwa sekunde chache, chokoleti huanza kuyeyuka katika madoa yaliyoachana kwa takriban sentimita 6, ambayo ni nusu ya urefu wa wimbi. Walimu wa fizikia hulitumia jaribio hili kukadiria kasi ya mwanga: urefu kamili wa wimbi, sentimita 12.2, ukizidishwa na mitetemo bilioni 2.45 kwa sekunde, hutoa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde.

Sahani inayozunguka iliwekwa ili kukipitisha chakula katika madoa hayo yote. Husaidia, lakini haiondoi tatizo lote, maana kitovu cha sahani hakihami. Hali huwa ngumu zaidi kwa chakula kilichogandishwa. Barafu hupokea mawimbi kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na maji, kwa kuwa molekuli zake zimeshikana. Sehemu ya kwanza kuyeyuka hupokea nishati nyingi na huanza kuiva, huku sehemu ya jirani ikiwa bado jiwe. Ndiyo sababu kitufe cha kuyeyusha barafu hutumia nguvu ndogo na mapumziko mengi, ili joto lipate nafasi ya kusambaa lenyewe.

Aina za oveni na tofauti zake

Oveni zinazouzwa madukani zinaweza kugawanywa kwanza kwa kazi zinazofanya.

Aina ya kwanza ni oveni ya maikrowevu pekee. Hupasha, huyeyusha barafu na hupika vyakula vyenye maji. Ndiyo ya bei nafuu na ndiyo nyepesi kutunza. Kwa nyumba ambayo shabaha yake ni kupasha kiporo, maziwa na chai, hakuna haja ya kulipia zaidi.

Aina ya pili ina koili au taa ya kuchomea iliyowekwa juu ya chumba. Koili hiyo hutoa joto la kawaida la kuunguza, kama la kibaniko cha mkate, na huipa nyama au jibini rangi ya kahawia. Maikrowevu huivisha ndani na koili hukausha juu.

Aina ya tatu ina koili pamoja na feni inayozungusha hewa ya moto. Hii huweza kuoka keki, mkate na sambusa kama oveni ya kawaida ya umeme, na nyingi kati yake huweza kuunganisha hewa moto na maikrowevu kwa wakati mmoja, hivyo kupunguza muda wa kuoka. Ni kubwa zaidi, ghali zaidi, na inapotumika kama oveni hula umeme mwingi. Baadhi ya oveni za aina hii huongezewa mvuke.

Mgawanyo wa pili ni wa namna nguvu inavyopunguzwa. Oveni yenye transfoma ya kawaida haijui nusu nguvu. Mpishi anapochagua asilimia 50, magnetroni huwaka kwa nguvu zake zote kwa sekunde kadhaa, kisha huzimika kwa sekunde kadhaa, na mwenye masikio mazuri husikia mngurumo ukija na kupotea. Oveni yenye inveta huubadili umeme kwa njia ya kielektroniki na huweza kutoa nguvu ndogo mfululizo. Ni nyepesi kwa kuwa haina transfoma ile nzito, na hufanya vizuri katika kuyeyusha barafu, kulainisha siagi na kuchemsha polepole. Kwa upande mwingine, mtambo wake wa kielektroniki ni ghali kuutengeneza ukiharibika, na mahali ambapo umeme hupanda na kushuka ni busara kuulinda kwa kifaa cha kudhibiti volti.

Mgawanyo wa tatu ni wa namna mawimbi yanavyotawanywa. Nyingi zina sahani inayozunguka. Nyingine zina sakafu tambarare, na badala ya chakula kuzunguka, antena au bapa la chuma lililofichwa huzunguka na kuyatawanya mawimbi. Hizi hupokea bakuli kubwa la mstatili na husafishwa kwa urahisi. Oveni za migahawani mara nyingi hufuata mtindo huu, na zile kubwa hufungwa magnetroni mbili au zaidi.

Ipo pia njia mpya isiyotumia magnetroni kabisa. Mawimbi huzalishwa na vipande vya semikondakta, kama vile vya mitambo ya simu, na oveni huweza kubadili masafa na kupima kiasi cha nishati kinachofyonzwa na chakula. Kampuni ya Miele ya Ujerumani ilionyesha oveni ya namna hiyo mjini Berlin mwaka 2017. Bei yake bado iko mbali na mfuko wa familia ya kawaida.

Wati, uniti na volti

Nambari kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kwa mfano wati 800, kwa kawaida ni nguvu inayoingia katika chakula. Umeme unaovutwa ukutani ni zaidi ya hapo. Oveni ya wati 800 huvuta takriban wati 1,200 au zaidi, na tofauti hiyo hupotea kama joto la transfoma, magnetroni na feni. Mnunuzi na asome nambari zote mbili kwenye kibandiko cha nyuma.

Nguvu ya kweli huweza kupimwa nyumbani kwa kipimajoto. Lita moja ya maji ya baridi hupashwa kwa sekunde 60 kwa nguvu kamili, hukorogwa, kisha hupimwa. Kila nyuzijoto moja iliyoongezeka ni sawa na takriban wati 70. Maji yakipanda kwa nyuzi 11, oveni inatoa wati 770 hivi. Oveni iliyochakaa huonekana mara moja kwa njia hii.

Kwa wanaonunua umeme kabla ya kuutumia, kwa LUKU nchini Tanzania au kwa tokeni nchini Kenya, hesabu ni rahisi. Oveni inayovuta wati 1,200 ikitumika dakika 5 hula sehemu moja ya kumi ya uniti. Kwa sahani moja ya chakula, hiyo ni nafuu kuliko kuwasha oveni kubwa ya umeme. Lakini kwa maharage makavu au nyama ngumu ya kuchemsha saa nyingi, maikrowevu haina muujiza, kwa sababu maji hayapiti kiwango chake cha kuchemka na chakula kitahitaji muda uleule. Na saa inayowaka usiku kucha nayo ina bei yake: ikivuta wati 3 tu, hukusanya uniti 2 hivi kwa mwezi.

Jambo jingine linawahusu wanaotumiwa mizigo na ndugu walio ng'ambo. Oveni iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, na ya Japani hutumia volti 100. Ikichomekwa kwenye umeme wa Afrika Mashariki itaungua. Hata ikipewa kifaa cha kushusha volti, mizunguko hubaki 50, na transfoma iliyoundwa kwa ajili ya mizunguko 60 huchemka kupita kiasi. Kibandiko cha nyuma ni lazima kisomwe kabla mzigo haujasafirishwa.

Hatari isiyokuwapo na hatari iliyopo

Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba chakula kilichopikwa kwa maikrowevu hakiwi na mionzi, na ni salama kama kile kilichopikwa kwa oveni ya kawaida. Kuhusu vitamini, muda mfupi na maji machache huzihifadhi baadhi, kama vitamini C ya mboga, vizuri kuliko kuchemsha katika sufuria iliyojaa maji.

Mawimbi yanayoweza kuvuja nayo yamewekewa mipaka. Nchini Marekani, kwa mfano, oveni katika uhai wake wote hairuhusiwi kuvujisha zaidi ya miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, zikipimwa umbali wa sentimita 5, na kiasi hicho hupungua hadi takriban sehemu moja ya mia mtu anaposogea hadi nusu mita. Sharti ni kwamba mlango uwe mzima. Oveni yenye mlango uliopinda, bawaba zilizolegea au wavu uliotoboka isitumike.

Hatari za kila siku zinatokana na joto lenyewe. Ya kwanza ni chupa ya maziwa ya mtoto. Kwa nje chupa huweza kuwa vuguvugu huku katikati maziwa yakiwa na doa linalounguza koo. WHO inashauri maziwa ya mtoto yasipashwe kwa maikrowevu kamwe, bali chupa iwekwe katika bakuli la maji ya moto.

Ya pili ni kiporo. Madoa ya baridi ndiyo maficho ya vijidudu. Chakula kifunikwe, kigeuzwe katikati ya muda, kiachwe dakika moja au mbili kitulie, na kifikie nyuzijoto 70 kila mahali. Ugali ukatwe vipande vyembamba, na wali unyunyiziwe maji kidogo. Lakini wali uliokaa mezani mchana kutwa hauponywi na moto wowote, kwa kuwa vijidudu vinavyoota humo huacha sumu inayostahimili joto. WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili.

Ya tatu ni maji ya chai. Katika kikombe laini kisicho na mikwaruzo, maji huweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu hata moja, kisha yakalipuka usoni mwa mtu mara anapotia kijiko au majani. Kijiko cha mbao kikiwekwa ndani ya kikombe tangu mwanzo, maji huchemka kwa utulivu. Mayai yenye maganda nayo hulipuka, wakati mwingine baada ya kutolewa nje.

Ya nne ni vyombo. Sufuria, karatasi ya alumini na sahani zenye ukingo wa dhahabu huweza kutoa cheche. Kioo na kauri visivyo na madini hufaa. Plastiki itumike tu iwapo imeandikwa kwamba ni ya maikrowevu, kwa sababu ndoo za siagi na mifuko ya kawaida huyeyuka na kuchanganyika na chakula. Oveni isiwashwe ikiwa tupu, maana mawimbi yasiyopata pa kwenda huirudia magnetroni na kuiua.

Ya tano, na iliyo kubwa kuliko zote, imefichwa nyuma ya skrubu. Kapasita huweza kushikilia umeme wa maelfu ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo una uwezo wa kuua. Redio iliyoharibika huweza kufunguliwa na mwenye nyumba mdadisi. Oveni ya maikrowevu ni ya fundi aliyefunzwa namna ya kuiondolea kapasita chaji yake kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kwa hiyo, anayenunua oveni anapaswa kuangalia kazi anayoihitaji kabla ya wingi wa vitufe, wati zote mbili kabla ya rangi, na uimara wa mlango kabla ya bei. Nyumba yenye mtoto mchanga itaendelea kuhitaji birika na bakuli la maji ya moto, hata kama oveni yake ni ya kisasa kuliko zote dukani.